Kura ya Vikombe: Tyrus Aende au Abaki

Kwenye kona ya dobi la mashine la Bi Verlene, mahali watu wanapofulia nguo kwa kulipia, upande wa mashariki wa mto hapa Saginaw, lipo benchi la kusubiria basi. Basi lenyewe lilihamishiwa barabara nyingine miaka tisa iliyopita, likaondoka bila kuaga. Benchi likabaki, na wenyewe wakabaki nalo. Yupo Shemasi, aliyekuwa shemasi kanisani kwa wiki mbili tu, enzi hizo, akaacha kazi lakini jina likakataa kumwacha. Yupo Posta, aliyechambua barua miaka thelathini na mmoja, na ambaye kila nchi iliyowahi kutuma stempu anaihesabu kama aliyoitembelea. Yupo Bi Verlene mwenyewe, mwenye dobi na mwenye birika la kahawa, kwa hiyo mwenye neno la mwisho. Na yupo Rondell, miaka ishirini na sita, aliyejipa mwenyewe jina la Breki kwa sababu, kwa maelezo yake, yeye ndiye binadamu pekee katika jimbo la Michigan anayeweza kumsimamisha Tyrus Hollowell kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Mashahidi bado wanatafutwa.

Ijumaa hiyo ya Agosti Breki aliwahi kuliko siku zote, yaani alifika saa nne kasorobo, na hakusalimia mtu.

— Ameletewa mkataba, — alisema. — Rumania. Msimu mzima, nyumba bure, kigari bure. Nimeusoma ujumbe wa wakala kwa macho yangu haya mawili.

— Kwenye simu ya nani? — Bi Verlene aliuliza.

— Ya Tyrus.

— Uliishika kwa kazi gani?

— Sikuishika. Yeye aliingia kuoga, simu ikawa mezani, mimi nikawa karibu. Wanataka jibu leo Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Ikipita hapo wanachukua mtu mwingine. Tuna saa mbili na kidogo. Shemasi, maliza kahawa.

Shemasi hakumaliza kahawa. Aliivuta kidogo kwa mdomo, akairudisha chini. Shingoni alikuwa na skafu nene ya sufi, ya mashabiki wa timu moja ya Finland, ndani ya joto la Agosti.

Haraka ya Breki ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe kila mtu pale aliijua, ila walikuwa wanamstahi. Tyrus ni mtoto wa kona hiyo hiyo. Mfupi kwa mchezo ule, ndiyo maana kazi yake ni kupandisha mpira na kuwagawia warefu. Timu kubwa za hapa nyumbani zilimjaribu kiangazi kimoja, zikamrudisha kama shati lililobana kwapa. Tangu hapo, misimu kumi na mmoja, amekuwa akiikodisha miguu yake ng'ambo: Finland, Hungaria, Kupro, Ureno, anapoitwa huenda. Septemba anaondoka, Juni anarudi na skafu. Na kwa misimu minne iliyopita, nyumba yake imekuwa ikilindwa na Breki. Kulinda ndiyo neno walilokubaliana. Mwaka wa kwanza Breki alilinda akiwa kwenye kochi. Kufika mwaka wa pili alikuwa analinda akiwa kwenye kitanda kikubwa, na pikapu ya Tyrus akiilinda kwa kuiendesha mjini. Vijana wanaoleta piza wanamjua yeye, Tyrus hawamjui. Kila Juni hurudi kwenye kochi, akaanza kuingojea Septemba kama wengine wanavyoingojea Krismasi.

Mwaka huu kulikuwa na mdudu. Shule ya sekondari ya pale jirani ilikuwa haina kocha, na mkuu wa shule alimwambia Tyrus kwamba kazi ni yake akiitaka, atamsubiri hadi majani ya miti yaanguke. Breki hakulala vizuri tangu asikie hilo. Hata alfajiri ya siku ile, saa kumi na moja, kochi likiwa limemchoma mbavu, alifumbua jicho moja akamwona Tyrus amesimama jikoni, simu iko mezani mbele yake, anaitazama kama mtu anayesubiri chai ichemke. Haishiki. Breki akageukia upande wa pili, akaendelea kulinda.

— Kura, — Breki alisema. — Tupige sasa hivi, akitoka kunyoa akute tumeshamaliza.

Kura ya vikombe ni jambo la kila Agosti. Kabla Tyrus hajajibu mkataba wowote, benchi hupiga kura. Ukimaliza kahawa, kikombe chako cha karatasi unakiweka kwenye ukingo wa benchi. Kikisimama, aende. Kikifudikizwa, abaki. Kikombe lazima kiwe kitupu, kwa sababu mwaka mmoja Shemasi alifudikiza chenye kahawa na suruali ya Posta haijasahau. Mara zote kumi na moja vikombe vilisimama vyote vinne, na mara zote kumi na moja Tyrus alipanda ndege.

— Kura bila hoja ni ulafi, — alisema Posta. — Tujadili kwanza. Mimi naanza. Kule kila timu ina nafasi chache za wageni. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, mtu wa kwanza kufukuzwa ni nani?

— Kocha, — Breki alisema.

— Kocha ni mkwe wao. Anafukuzwa Mmarekani. Anakuta tiketi chini ya mlango kama mwaka ule wa Hungaria. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Walimpa jembe?

— Walimpa mpira. Jembe lilikuja baadaye.

— Acha fiksi, Posta. Hungaria aliteguka kifundo cha mguu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwambia asiende, hakusikia.

— Kikombe chako kilikuwa kimesimama, — Bi Verlene alisema.

— Kikombe kilisimama. Mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi.

Breki aliona mazungumzo yanateleza kwenda asikokutaka, akavuta pumzi. Kudanganya anakujua, ila huwa anaanza polepole, kama pikapu ya Tyrus wakati wa baridi.

— Nyie hamjui jina lake lilivyo kubwa kule. Alipoondoka Finland shule zilifungwa siku moja.

— Kwa ajili ya Tyrus?

— Kwa ajili ya Tyrus.

— Kulikuwa na theluji, — Posta alisema. — Barua zilichelewa.

— Theluji ilikuwepo, lakini sababu ilikuwa Tyrus. Sasa sikiliza Rumania. Mwenye timu ana binamu yake, mwanamke, mjane, mpishi hodari. Tyrus akifika tu, anaozeshwa. Akioa anapata pasipoti. Akipata pasipoti hahesabiki tena mgeni, kwa hiyo hawezi kufukuzwa. Anachezea timu ya taifa. Baada ya miaka miwili anagombea umeya.

— Wa wapi?

— Wa mji huo huo.

— Unaitwaje?

Breki alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

— Ni jina refu, — alisema. — Lina herufi zenye mikia.

— Mtu hawezi kuwa meya wa mji ambao mlinzi wa nyumba yake hawezi kuutamka, — Posta alisema, akapuliza kahawa yake.

Shemasi alirekebisha skafu.

— Mimi nina hoja ya kisayansi. Posta, kule uwanja wanapima kwa nini?

— Kwa mita.

— Mita moja ni futi ngapi?

— Tatu na robo hivi.

— Basi. Hatua moja ya hapa, kule ni tatu na robo. Sasa misimu kumi na mmoja, mara tatu na robo, ni mingapi?

Posta hawezi kuacha hesabu ipite barabarani bila kuisimamisha.

— Thelathini na sita, ukiacha vichenji.

— Jumlisha na miaka ishirini na mitatu aliyoondoka nayo hapa. Magoti ya Tyrus yana miaka hamsini na tisa. Mimi nina hamsini na nane. Yale magoti ni kaka zangu. Nikikutana nayo nayaamkia shikamoo.

— Lakini kule mechi ni dakika arobaini, siyo arobaini na nane kama za wakubwa wa hapa, — Posta alisema.

— Dakika zenyewe ni za mita.

Bi Verlene aliwamiminia kahawa ya mwisho. Birika likakohoa, likatoa nusu kikombe, likakauka.

— Kwa hiyo Shemasi unasema abaki, — Bi Verlene alisema.

— Nasema aende. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Amekuwa mzito, sasa ndiyo ataanza kula. Na skafu nyekundu ya Rumania sina.

— Umeona, — Breki alimwambia Posta. — Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tyrus ameshavua.

— Rondell, — Bi Verlene alisema. Yeye tu ndiye anayemwita hivyo. — Mimi nina mashine kumi na nne humu ndani na watu wananivulia nguo tangu asubuhi hadi jioni. Sijaona aliyeoga.

Akasogeza kitambaa chake begani. Kisha akasema, huku akiangalia barabara:

— Huwa ananipigia simu. Msimu huu uliopita, karibu kila wiki. Wakati nafunga. Ananiambia, Bi Verlene, usiseme kitu, iweke simu juu ya mashine. Naiweka. Inakaa pale hadi nguo zinamaliza kuzunguka. Nikiichukua bado yupo.

— Anasikiliza mashine? — Breki aliuliza.

— Anasikiliza mashine.

— Kule hana mashine?

— Anayo. Klabu inampa na nyumba.

— Sasa inakuwa saa ngapi kwake?

— Sijui. Sijawahi kumuuliza.

Breki alitaka kusema kitu kuhusu mashine za Rumania kwamba zina sauti nzuri zaidi, lakini Tyrus alikuwa anavuka barabara kutoka kwa kinyozi. Kichwa kinang'aa, ndevu zimechorwa mstari, na ule mwendo wake wa kukanyaga kwa ubavu wa mguu, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki. Akakaa mwisho wa benchi. Kwa desturi, anayepigiwa kura hasemi. Mgonjwa hajipimi homa.

— Kaka, — Breki alimwambia, — tunalishughulikia jambo lako. Una saa moja na nusu. Usiwe na presha.

— Sina, — Tyrus alisema.

— Maana nakuona umetulia sana.

— Nimetoka kunyoa.

Bi Verlene alimpa ile nusu kikombe. Wote wanne walimaliza kahawa zao. Breki aliweka chake wa kwanza, kikasimama wima, akakipigapiga kidogo kitako kisitetereke. Shemasi akaweka cha kwake, kimesimama. Posta alikitazama cha kwake upande huu na upande ule kama bahasha isiyo na anuani, kisha akakifudikiza.

— Msaliti, — Breki alisema.

— Nilikuwa na wasiwasi tangu Hungaria.

Bi Verlene alifudikiza cha kwake taratibu, akakishikilia juu kwa vidole viwili, kama vile upepo ungeweza kukibadilisha mawazo.

Wawili kwa wawili. Jambo hilo halikuwahi kutokea, na benchi halikuwa na sheria yake. Breki aliangalia kushoto na kulia akitafuta mpiga kura. Mlangoni mwa dobi alikuwa amesimama dada mmoja, amevaa nguo za kazi za wale wanaohudumia wagonjwa, kikapu kitupu kiunoni, anasubiri mashine ya kukausha.

— Dada, unaitwa nani?

— Marisela.

— Unakaa mtaa huu?

— Nimehamia wiki iliyopita. Kuna tatizo?

— Hakuna. Unanywa kahawa?

— Imekwisha, — Bi Verlene alisema.

— Basi hujanywa, kikombe chako ni kitupu, sheria imetimia. — Breki alimkabidhi kikombe kipya. — Huyu hapa ni Tyrus. Anacheza kikapu ng'ambo. Amepata mkataba Rumania, anatakiwa kujibu leo kabla ya saa sita mchana. Sisi tumegawanyika. Kikombe kikisimama, anakwenda kuwa meya. Ukikifudikiza, anabaki hapa kuoza. Uko huru kabisa kuchagua.

— Kuna kazi ya ukocha, — Posta alisema. — Hajakwambia.

— Kuna kazi ya ukocha, pia kuna mdogo wake, mimi hapa, atakayekosa pa kukaa, — Breki alisema. — Lakini sitaki kukushawishi.

— Yeye mwenyewe anataka nini? — Marisela aliuliza, akimwonyesha Tyrus kwa kidevu.

— Haruhusiwi kusema. Una dakika chache, dada. Saa sita inakuja.

Marisela alikitazama kikombe, akamtazama Tyrus, akavitazama vile vikombe vinne kwenye ukingo wa benchi.

— Saa sita ya wapi?

— Ya mchana.

— Ya mchana nimesikia. Ya hapa, au ya huko?

Ndani, mashine moja ilimaliza kuzunguka.

Posta aliangalia saa yake ya mkononi, ambayo ilisema saa nne na nusu na haikuwa na zaidi. Shemasi alivua skafu, akaikunja.

— Saa sita ni saa sita, — Breki alisema, lakini sauti ilikuwa imeshafika mbele ya akili na inaisubiri.

— Wako mbele yetu, — Posta alisema. — Au nyuma.

— Kwa saa ngapi?

— Barua ilikuwa inachukua siku tisa.

— Sijauliza barua, — Marisela alisema, na hakulisema kwa ubaya. — Amekuwa huko muda gani?

— Miaka kumi na mmoja.

— Na hakuna anayejua huko ni saa ngapi?

Hakuna aliyejua. Bi Verlene alikuwa anaangalia simu yake iliyokuwa mapajani, haijalia, haina kosa lolote.

— Saa kumi na moja na nusu jioni, — Tyrus alisema. Hakuangalia saa wala simu. — Rumania wako mbele saa saba. Ureno tano. Finland saba. Bi Verlene akifunga, kwangu ni alfajiri.

Breki alianza kurudi nyuma kwa vidole. Saa sita mchana, toa saba. Alifika kwenye kidole gumba, akarudia tena akitumia mkono wa pili, kwa kuwa mkono wa kwanza haukumfurahisha. Mara zote mbili alifika saa kumi na moja alfajiri.

— Wewe ulikuwa umesimama jikoni, — alisema.

— Nilikuwa nimesimama jikoni.

— Simu ilikuwa mbele yako.

— Ilikuwa mbele yangu.

— Na hukuigusa.

— Sikuigusa. Ilipofika saa kumi na moja na dakika moja nikakoroga uji. Wewe ulikuwa unakoroma.

— Sikoromi, — Breki alisema, lakini hakuwa na moyo wa kulitetea hilo. — Sasa kama ilishapita, umekuja kukaa hapa kufanya nini? Umetuacha tunapiga kura, umetuacha tunamsumbua dada wa watu.

Tyrus aliizungusha ile nusu kikombe yake, akamalizia.

— Ni Agosti. Agosti huwa nakaa hapa. Ila Septemba sijawahi. Sijui huwa mnaongea nini.

— Tunakuongelea wewe, — Shemasi alisema.

— Sasa itabidi mtafute kitu kingine.

Bi Verlene alicheka kidogo puani, akainuka kwenda kulijaza birika maji, ingawa hakuna aliyemwomba. Alipompita Tyrus alimgusa kisogo kile kilichonyolewa, mara moja, kama anayepima pasi kama imepata moto.

Marisela alikuwa bado ameshika kikombe chake.

— Mimi sasa nifanye nini na hiki?

— Kaa nacho, — Posta alimwambia. — Kahawa inakuja.

Nyumba ilipita kichwani mwa Breki, chumba baada ya chumba: kitanda kikubwa, pazia alilonunua mwenyewe, koleo la theluji nyuma ya mlango, vijana wa piza. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo mbili, ya mlango wa mbele na ya pikapu. Akazitazama. Akaziweka kwenye ukingo wa benchi, akachukua kikombe chake kilichokuwa kimesimama, akakifudikiza juu yake.

— Nilisema tangu mwanzo, — alitangaza. — Abaki. Nyie ndio mlikuwa mnanipinga.

Posta aliinama, akainua kikombe upande mmoja kwa kidole, akachungulia ndani.

— Kura hii haihesabiki, — alisema. — Kikombe hakiko kitupu.